Jinsi Tulivyojenga Winkelsbach Turffontein

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Shomari alinipa ufagio na kipande cha godoro la sponji, akasema, "Huu wa kufagilia, hilo la kuoteshea msitu. Ukimaliza vyote viwili bila swali la kijinga, kesho rudi."

Nikauliza, "Msitu wa nini, Fundi?"

"Umeanza."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya maketi. Sisi Wakongomani tunaita maketi. Fundi, mtu wa Tanga, aliita mfano. Ni jengo au mtaa mzima unaojengwa mdogo juu ya meza, ili mwenye mradi auone kabla hajamwaga zege. Karakana yetu ilikuwa Turffontein, hapa Johannesburg, nyuma ya duka la matairi, na siku za mashindano kelele za uwanja wa farasi zilitufikia kama vile farasi wenyewe wanapita juu ya paa. Nawaandikia ninyi wadogo zangu wa Yeoville mnaoniuliza nilikuwa nashinda wapi miaka ile. Ndiyo, mimi mwenyewe bado kijana. Lakini kazi yenyewe imestaafu, nami nikastaafu nayo, kwa hiyo haki ya kusimulia ninayo.

Karakana ilikuwa na vyeo vyake. Baada ya ufagio nilipanda kuwa Bwana Misitu: unasaga sponji, unaichovya kwenye rangi ya kijani, unaianika, unaibandika kwenye vijiti. Baadaye nikawa Bwana Mapaa. Paa la vigae unalikata kwenye msasa, ile karatasi ya kukwangulia mbao. Milima ilikuwa ya Fundi Shomari peke yake, maana ndiye Fundi Mkuu. Alipanga ubao mwembamba juu ya ubao mwembamba kama ngazi, akavika gunia juu yake na kulipaka plasta nyepesi mpaka mteremko ukatulia.

"Mtu wa Bukavu kama wewe haachiwi mlima," alikuwa akisema. "Atautia sifa."

Kazi kubwa kuliko zote ililetwa na Bibi Lena wa Kensington, mtaa mwingine wa jiji hili. Alizaliwa Ujerumani, akawa muuguzi Usambara ujanani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alitaka tumjengee kwao: Winkelsbach, kando ya mto Moseli, magharibi ya nchi yao.

"Ni kijiji," alitueleza, "lakini kwa sheria ni manispaa kamili. Tuna meya, tuna baraza, tuna nembo. Meya hana mshahara; mchana analima, jioni ndiyo anakuwa meya. Mambo ya vyeti na barabara, vijiji vya pale vimeungana, vina ofisi moja kwenye mji mdogo wa jirani."

"Kumbe kama kata," alisema Fundi.

"Kata yenye kiburi. Na ng'ambo ya mto wako wezi wa mti. Hao uwajenge, lakini usiwapambe."

Tukacheka. Kila mwezi wa tano, alisema, vijiji vya kule husimamisha mti mrefu wenye mapambo, na vijana wa jirani hujaribu kuuiba. Vita hiyo hakuna meya aliyewahi kuimaliza.

Halafu akaacha utani. "Macho yangu yanazimika. Katikati giza limeshaanza, pembeni ndiko kumebaki, na daktari anasema hata huko hakutadumu. Nataka kijiji cha kushika. Lakini lazima nikione kwanza, macho yafundishe vidole. Nikichelewa nitashika vijumba tu, sitajua ni vya nani."

Basi tukajenga kwa ajili ya mkono. Mto tuliufanya wa kioo, uwe na baridi. Mawe meusi ya kwao, yanayotunza joto la mchana, tuliyafanya ya msasa mkali. Na kule kila mzabibu una mti wake wa kuegemea, kwa hiyo kila mzabibu ulikuwa pini moja na fundo la uzi. Vidole vyangu viliota sugu.

Picha za kwenye simu hazikutusaidia kwenye milima. Siku hizi vijana wameondoka, mashamba mengi yameachwa, kichaka kimefunika pande zote mbili. Fundi akampigia Bibi: "Mizabibu ilikuwa mteremko upi?"

"Upande wa jua, Fundi. Kwingine kokote zabibu hazikomai."

Fundi akafanya ambacho mkazi yeyote wa Johannesburg angefanya. Hapa jua linaegemea kaskazini; hata mtu anayetafuta chumba cha kupanga huuliza dirisha linatazama wapi. Mteremko unaotazama kaskazini akaujaza mizabibu. Ule wa kusini akaniachia niupande msitu.

Bibi Lena, aliyekwisha kuja mara moja kuliona kanisa kabla ya milima, alipokuja tena, aligeuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, maana pembeni ndiko macho yalikofanya kazi.

"Fundi," alisema, "umenipandia mizabibu kwenye baridi."

"Bibi, hiyo si kaskazini?"

"Ndiyo. Na kwetu jua linakaa kusini."

Fundi akakalia kopo la rangi. "Eish. Linakaa kusini?"

"Kule nusu ya juu ya dunia, ndiyo. Sisi tumelizoea la huku."

Nikaangua kicheko. Fundi akanigeukia. "Wewe Mkongo, unacheka nini? Kwenu jua linakaa wapi?"

"Kwetu linapita kichwani, Fundi. Halibagui."

Bibi naye alicheka hadi akajifuta machozi. Kisha akaendelea kujifuta, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Safari iliyopita niliuona msalaba wa kanisa," alisema. "Leo siuoni."

Alipoondoka, Fundi alichukua nyundo. Alitaka kuvunja yote na kuanza upya, kwa heshima ya jina lake. Kuanza upya kungechukua muda, na macho ya Bibi yasingesubiri. Nikamwomba asubiri hadi kesho, nikaenda kumweleza Mama, ambaye anashona nguo Yeoville.

"Bitana ikikosewa, unachoma koti?" Mama aliuliza. "Unaifumua, unaishona tena."

Asubuhi nikayapeleka maneno hayo kazini.

"Mama yako ni fundi wa milima?"

"Wa nguo, Fundi."

Akaitazama meza. Akalitazama gunia chini ya plasta. "Mwite."

Mama alikuja na mkasi na pasi ya mvuke. "Papa Shomari," alisema, "mlima wako umevaa vibaya." Mvuke ulilegeza gundi, gunia likabanduka polepole, mizabibu ikaenda kusini na msitu ukahamia kaskazini. Pale vipande visipotosha, Mama alishonea kiraka, na Fundi Mkuu, mtu asiyeruhusu mkono wa mwingine kwenye mlima wake, alikuwa akimshikia uzi.

Bibi Lena alirudi. Tulisogeza meza mlangoni kwenye mwanga. Akageuza kichwa, akatazama, akafumba macho na kutembeza kidole kutoka kanisani. Kidole kikavuka kioo.

"Nimeingia kwa wezi wa mti!" akapiga kelele.

Akafumbua, akatazama tena, akafumba. Alirudia hivyo mpaka chai ikapoa na Fundi akaacha kujifanya ana kazi nyingine. Mwishowe kidole kilitoka kanisani, kikapita kisimani, kikapanda katikati ya pini bila kugusa hata moja, kikasimama kwenye ukuta mdogo wa mawe.

"Baba alikuwa anakula mkate hapa," alisema, macho yamefumbwa. "Sasa yanaweza kuzima."

Yalizima kabla ya mvua za mwaka ule.

Siku hizi mashine inachapa mfano wa mtaa mzima huku mtu amekwenda kunywa chai. Fundi Shomari amerudi Tanga, mimi nashona na Mama. Kazi hii ilinifundisha kumuuliza mtu kwao jua linapita wapi kabla sijamjengea chochote, na bado nina ndoto zangu, nyingi kuliko pini zile. Jumamosi nakwenda Kensington na brashi laini kuifuta Winkelsbach vumbi. Bibi hunishika mkono na kunitembeza nyumba hadi nyumba: huyu alikuwa mwokaji, huyu alipiga tarumbeta, hawa hawakusalimiana. Juzi tulifika kwenye nyumba ndogo karibu na kisima.

"Hii haina mtu," alisema. "Ichukue wewe, mjukuu wangu."

Nimeichukua. Paa lilikuwa limeachia gundi upande mmoja, nimelibandika.