Mlaze, Nyanyua Miguu

Ko, ko, ko. Kijiko kwenye chuma cha kitanda. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyoniita kila asubuhi, tangu aanguke kutoka juu ya mchikichi akikata mikungu. Uti wa mgongo uliumia, na kuanzia kifuani kwenda chini hakusikia kitu tena.

"Dereva! Abiria yuko tayari!"

Nilimwinua polepole. Nikiharakisha tu, presha inashuka, macho yanageuka, anazimia. Tunamlaza chali, miguu tunaiweka juu ya gunia la mahindi, anarudi akicheka: "Nimefika Bujumbura nikarudi, mdogo wangu." Mtaa wetu wote hapa Ujiji ukaijua dawa yake: mlaze, nyanyua miguu.

Mimi na ndoto zangu, nilipanga kushona mpaka nimnunulie bajaji ya kuendesha kwa mikono, nikae nyuma kama bibi harusi.

Muuguzi alitueleza kuwa ipo pia presha ya kupanda. Mpira wa mkojo ukikunjika, kibofu kinajaa. Yeye hasikii, ila kichwa kinamgonga na uso unatoka jasho. Huyo msimlaze, mkalisheni. Tuliitikia. Lakini hiyo hatukuwahi kuiona, na kuzimia tulikuona kila siku.

Ilitokea nikiwa kwenye cherehani, huko mtaa wa Mwanga. Mama alinisimulia baadaye. Alikuwa na mama mkubwa, aliyetoka Mwandiga kumjulia hali. Kaka akashika kichwa, jasho likamtiririka.

"Mlaze! Anazimia huyo!" mama mkubwa akasema.

"Hapana, mama. Nikalisheni."

Mama akamshika mkono. "Tulia, mwanangu. Wewe kila siku unabisha, unataka kukaa tu."

Wakamlaza, wakamnyanyua miguu, wakampepea kwa kanga. Kwa mapenzi yao yote. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja.

Nilipoingia hasemi. Nikamkalisha, nikanyoosha mpira, mkojo ukashuka mwingi mno. Hospitali wakasema mshipa umepasuka kichwani. Hakuamka.

Mama bado huniuliza, "Si nilimsikia kabisa akisema hapana?"

"Ulikuwa umemshika mkono, mama," namjibu.

Matanga yalipoanuliwa na watu wakaondoka, nikauona mto wake, una alama ya jasho. Sikumwita mtu. Nikautoa uani, nikauanika juani, na ulipopata joto nikaugeuza upande wa pili.