Mteja wangu aliacha kubishana, nami nikadhani amepona

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Nianze na gharama. Hii kesi imekula nusu saa ya mtu mwingine, usingizi wangu wa wiki nzima, na kile kiburi nilichoingia nacho kazini. Nimehesabu mara mbili, jumla ni ileile. Ninayoandika yametokea. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana mji wetu ni mkubwa lakini masikio yake ni ya kijiji.

Na mkikuta "mi" na "batoto" humu, hamjapotea. Ndiyo Kiswahili chetu cha Katanga.

Mimi ni mshauri nasaha. Zamani nilikuwa negosian, nanunua mawe ya kobalti kwa wachimbaji wadogo na kuyauza depo. Kazi ni kushinda mnabishana. Yeye anaapa kwa mama yake kwamba jiwe ni zuri, wewe unaapa kwa mama yako kwamba ni udongo, na mama wote wawili wako nyumbani, hawana habari.

Bei zilipoanguka nikafunga. Masista wa parokia moja hapa mjini, upande wa Dilala, walikuwa wanafungua chumba cha kusikiliza watu wenye msongo, wakawa wanatafuta mtu wa kufundishwa kazi hiyo. Sista mkuu akaniambia mtu aliyesikiliza uongo miaka yote ile hawezi kushindwa kusikiliza ukweli. Nikasoma, nikapata cheti, nikapewa meza na viti viwili.

Mtaani wanapaita "kwa ba-fou", kwa wendawazimu. Ukionekana unaingia, jioni shangazi zako wanaanza kufunga na kuomba.

Basi akaja Tata Kapend; "tata" kwetu ni baba, ni heshima. Mchimbaji wa siku nyingi, mzaliwa wa Sandoa, mkubwa wa timu yake shimoni. Shimo liliporomoka, shemeji yake, kaka wa mke wake, akabaki ndani. Zamu ya kushuka siku ile ilikuwa ya Kapend. Walibadilishana kwa sababu yeye alikuwa na homa.

Alipitia kwanza chumba cha maombi, wakamtoa mapepo ambayo hakuwa nayo. Ndipo mke wake, Mama Régine, akamleta kwangu amemshika mkono wa shati.

Nikamwambia tutaonana mara sita, saa moja kila mara. Akaniangalia kama nimemtajia bei ya mzungu.

"Mara sita? Mi ntakupatia mbili. Na ile saa, ukate nusu."

Moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa nimekaa sana bila kukutana na fundi wa kubishana bei. Tukakubaliana mara nne, saa nzima. Akabishania kiti pia, akataka kile kinachotazama mlango. Akabishania hata machozi: "Kulia mi siwezi. Kama iko lazima, ntalia kidogo ku mwisho."

Vikao viwili vikaenda hivyo. Nikimwambia kifo kile si kosa lake, anapunguza: "Kosa yote si yangu. Nusu iko yangu." Alikuwa anaishusha na kuipandisha ile hatia kama gunia kwenye mzani.

Kikao cha tatu akaja amenyoa, shati safi. Nikarudia yale yale.

"Ndio vile, tata. Yote unasema ni sawa."

Usingizi? Sawa. Chakula? Sawa. Shemeji? Sawa. Nikamchokoza, nikamwambia basi tuongeze kikao kimoja. Sawa.

Wakuu, mimi nikajipongeza. Nikafunga kikao nusu saa kabla ya muda, nikampa mkono nikamwambia amepona, nikaenda kumpa Sista habari hiyo. Sista akatoa fanta.

Natoka pale juu ya taxi-moto, pikipiki ya abiria, njia panda namkuta Trésor, mwenzake wa shimo. Kichwani ana taa ya Kapend, begani kamba ya Kapend. Ile taa naijua, alikuwa anakuja nayo hadi ofisini na hamruhusu mtu kuishika. Nikamuuliza Trésor ameipata kwa bei gani.

"Vieux, mzee wetu, amenipatia bure. Anasema anarudia kwao Sandoa, hahitaji tena."

Nilisikia baridi, na jua lilikuwa la saa nane mchana.

Depo inakufundisha kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mchimbaji akikubali bei ya kwanza, usifurahi. Ama mzigo ni wa wizi, ama mtu huyo hana mpango wa kukuona tena. Anayebishana ana kesho yake. Ana batoto wa kulisha, ana wewe wa kukutana naye wiki ijayo. Hilo nililijua kabla sijalijua neno saikolojia.

Na huko Sandoa Kapend hana mtu. Aliniambia mwenyewe kwamba tangu mama yake azikwe, njia ile imefungwa.

Darasani nako tulifundishwa. Mtu akitulia ghafla baada ya huzuni nzito, akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili. Halafu mtu akakaa mbele yangu ametulia, nami nikaenda kunywa fanta.

Nikamwambia dereva ageuze. Njiani nikampigia Mama Régine, alikuwa sokoni, nikamwambia aende nyumbani sasa hivi, maelezo baadaye.

Kapend nilimkuta uani, amekaa juu ya kidumu, viatu vyake vya shimo vimeoshwa na kupangwa ukutani. Nikakaa chini. Sikuzunguka.

"Tata Kapend, unafikiria kujiua?"

Aliinua kiatu kimoja, akakirudisha palepale ukutani.

"Leo," akasema. "Nilingoja uniulize kule ku bureau yako. Ukasema nimepona. Mi nikasema, haina neno."



Mama Régine akafika anahema. Aliposikia, hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Kaka yangu alishuka kwa mapenzi yake. Unataka nizike batu babili?"

Hapo ndipo Kapend alilia, na hakungoja mwisho.

Hatukumwacha peke yake hata dakika. Siku ileile tulimfikisha hospitali, kwa muuguzi wa magonjwa ya akili. Sasa yuko nyumbani, ana dawa, na kila saa kuna ndugu karibu. Juzi nilipomtembelea, muuguzi alikuwa anamwambia kidonge kimoja asubuhi, yeye anataka nusu. Muuguzi amekasirika kweli. Mimi nilitoka nje kidogo, vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Nilichojifunza ni hiki: katika kazi hii, mteja akikubali kila kitu, hujamaliza. Ndiyo kwanza unaanza. Uliza, na ulitaje neno lenyewe. Na wewe unayesoma hapa, ambaye siku hizi unajibu "sawa" kwa kila mtu, mwambie mmoja leo kwamba si sawa.

Sasa naomba ushauri, hasa mlio kwenye fani. Sista anataka nimkabidhi Kapend kwa mshauri mwingine, anasema jambo hili limeniingia mno. Huenda ana haki. Lakini Kapend amekataa.

"Ulinikata nusu saa. Ile iko yangu, na ni weye utalipa. Sitaki ya mutu mwingine."

Nimejaribu kubishana naye, hashuki.

Nimkabidhi, au nilipe kwanza? Na sisi wasikilizaji, nani anatusikiliza? Semeni mapema, anakuja Alhamisi. Kile kiti chake nimeshakiweka, kinatazama mlango.