Bwawa la Wajukuu

Mume wangu alipostaafu tulihamia shambani kwetu Kiwangwa, akawa mtu wa furaha mpaka wajukuu walipokuja likizo kutoka Dar es Salaam. Siku ya pili tu, yule mkubwa wao, binti asiyejua kuficha neno, akamwambia: "Babu, kwako hakuna kitu, ni mananasi tu." Kesho yake wakachukuliwa na mama yao kwenda kuogelea hotelini Bagamoyo mjini, na hawakurudi. Mzee aliumia. Alishinda barazani akiyatazama mananasi yake kana kwamba ndiyo yaliyomponza.

Haukupita muda akaja fundi wa mabwawa ya kuogelea, kijana wa viatu vyeupe, akapima uwanja wetu. Wakapanga bajeti mezani kwangu: kuchimba, nondo, zege, vigae vya buluu, pampu, dawa ya kusafishia. Mume wangu alibishania vigae hadi nikamwonea fundi huruma. Walipomaliza nikauliza, "Na maji?"

Wakanitazama wote wawili. Maji ya kwetu yalikuwa yakiletwa kwa baiskeli, madumu yamefungwa kamba huku na huku. Fundi akasema yatakuja na lori la boza kutoka Msata.

"Kila mara?"

"Kila yakipungua, mama."

Mume wangu akaandika "boza" chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

Kilichomponza hasa ni adabu zake. Kwetu mtu hachimbi ardhi hivi hivi bila dua, basi Ijumaa akamwendea imamu. "Shehe, nataka kuchimba bwawa. La wajukuu." La kuogelea hakutaja, anadai aliona haya kuyasema hayo msikitini. Sasa, Kiwangwa ukisema bwawa, mtu anaelewa maji ya kuteka, na ukisema wajukuu, anaelewa vizazi vyote vijavyo. Baada ya sala imamu akasimama, akatangaza kuwa ndugu yetu anatoa sadaka yenye kuendelea, Mungu amlipe. Msikiti mzima ukaitikia amina.

"Kwa nini hukumsahihisha?" nilimfokea.

"Ningesema nini, na amina imeshaitikiwa?"

Tukiwa katika kuzozana, hodi. Bibi jirani yetu, mtu mzima sana, alikuja na kuku wake wa mayai. Hata shikamoo yangu aliiitikia mbiombio.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "tangu nikiwa mwali nateka maji mbali. Mola akulipe."

Mume wangu akampokea kuku kwa mikono miwili. Hapo nikajua vigae vyetu vimekwenda arijojo.

Badala ya bwawa kikachimbwa kisima, likapandishwa tanki, bomba likawekwa nje ya ua. Fundi wa viatu vyeupe akasusa. Watu walishangilia, mume wangu akacheka nao, lakini tukibaki wawili alikuwa akiniuliza, "Wajukuu watakuja kweli?" Nilimwonea huruma.

Walikuja, kwa sababu walikuwa wameahidiwa bwawa na babu yao hakuthubutu kuwaambia vinginevyo. Yule mkubwa alishuka garini miwani ya kuogelea ikiwa tayari usoni.

"Babu, liko wapi?"

Akamwonyesha bomba na foleni ya ndoo. Mtoto akalitazama bomba, akamtazama babu yake. Nikajiandaa kwa kilio. Mara yule bibi wa kuku akaita kutoka kwenye foleni: "Mjukuu wangu, hebu njoo unifungulie koki, vidole vyangu havina nguvu."

Akaenda, na miwani yake. Kufika alasiri alikuwa ameloa chapachapa, na watu wazima wanapanga ndoo kwa amri yake.

Siku ya tatu mama yao akapiga simu: gari linakuja, hotelini wanangojwa. Nilimsikia mtoto akijibu, "Mama, siwezi. Kesho ni zamu yangu ya koki."

Mume wangu akageuka upesi, akainama akajifanya anasikiliza pampu ya kisima kama inanguruma vizuri. Pampu ilikuwa imezimwa.