Sanduku la Kushoto

Masanduku yalipofika nyumbani kwa Nohelia Marulanda, jambo la kwanza yalilofanya ni kukataa kuingia mlangoni. Pikipiki ya mumewe ilikuwa ikilala sebuleni tangu siku iliponunuliwa, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kama zinavyolala pikipiki zote za mji wa Salamina ambazo wenyewe wanazipenda. Kila jioni Arcesio aliisukuma juu ya ubao, akakunja usukani kidogo, ikaingia. Sasa ilikuwa na masanduku mawili ya alumini mbavuni na la tatu nyuma ya kiti. Iligonga fremu ya mlango kulia, ikagonga kushoto, ikakwama. Majirani wakatoka kutazama. Libardo, aliyekuwa na bucha zamani na sasa alikuwa akishinda mkahawani pale kona, alikuja na kikombe chake mkononi.

"Arcesio! Umeanza biashara ya friji?"

"Rudi kwenye kahawa yako, Libardo."

"Friji mbili na kifriji cha mtoto, tena hazitaki umeme! Mwenzetu umeendelea."

Mlango ule aliuchonga babu yake Nohelia, kwa mbao za mwerezi zilizojaa maua na majani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutaja msumeno. Tangu siku hiyo, kila jioni kwa miaka kumi na minne, masanduku ya pembeni yalifunguliwa nje kutoka kwenye vyuma vyake yakaingizwa kwa mkono, ndipo pikipiki ikafuata. La kulia ni dogo, kwa sababu ekzosi inapita upande ule. Hilo alibeba Arcesio. La kushoto, kubwa, alibeba Nohelia. Funguo zake alizitundika shingoni, pamoja na medali ya Bikira wa Karmeli anayelinda madereva, na huko zimebaki.

Na haki ya kuzitundika alikuwa nayo, maana aliyeyachagua ni yeye. Arcesio alitaka ya plastiki. Alikuwa ameyaona kwenye gazeti, meusi, ya mviringo, mepesi, na alikuwa ameshayapenda kama kijana aliyeona binti kanisani. Siku waliyokwenda Manizales kununua, muuzaji naye akamuunga mkono: plastiki ikianguka inarudi kama ilivyokuwa, alumini ikibonyea imebonyea. Alumini tena inachafua nguo. Nohelia alisikiliza yote hayo akiwa amekumbatia mkoba wake. Ni mama mwenye mwili wake, mshonaji wa sare za shule, na ukimwambia kitambaa hiki ni imara atakivuta mbele yako kwa mikono miwili.

"Naweza kupanda juu?" akauliza.

"Kwenye pikipiki, mama?"

"Kwenye sanduku."

Muuzaji alicheka. Nohelia alivua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akamshika bega Arcesio, akapanda juu ya lile la plastiki lililokuwa sakafuni. Kifuniko kilinywea katikati, bawaba zikalia.

"Mama, tafadhali, mama, shuka!"

Alishuka, akapanda lile la alumini. Halikusema neno. Alisimama pale juu na soksi zake, akazunguka kidogo, akaruka mara moja kuhakikisha. Wateja wengine walikuwa wameacha shughuli zao. Arcesio alikuwa amegeukia ukutani, anasoma bei za mafuta ya injini.

"Tunachukua haya," Nohelia alisema kutoka huko juu. "Kisichonibeba mimi hapa dukani, kitanibebea nini huko porini?"

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Safari ya kwanza alumini iliwafundisha adabu wote wawili. Blauzi nyeupe ya Nohelia ilitoka sandukuni ina rangi ya moshi, kwa lile vumbi jeusi ambalo bati hilo hulitoa likisuguana na nguo njia nzima. Arcesio naye, kwenye foleni ya magari, alishusha mguu kwa mazoea ya zamani, pikipiki ikasogea, kona ya sanduku ikampiga kwenye msuli wa nyuma ya mguu hata akaona nyota mchana. Nohelia alimkanda kwa pombe na kafuri wiki nzima huku akijitahidi asicheke. Kisha akakaa cherehani, akashona mifuko ya ndani kwa mabaki ya sare, ya mirabamiraba ya shule ya masista, yenye mikanda ya kuivuta nje. Nguo hazikuchafuka tena. Na kwa vile masanduku yalilala ndani, yalipata kazi za nyumbani: la kulia lilibeba redio, na la kushoto likawa kiti chake cha kupindia sketi.

Waliyapeleka mbali. Pasto, Quito, mpaka Cusco mara moja, wakirudi wembamba na wenye ngozi iliyokauka kama ya mbuzi. Kwenye ile njia ya matope inayoshuka kwenda Mocoa walianguka upande wa kushoto. Sanduku ndilo lililotangulia chini, likaibeba pikipiki nzima, na mguu wa Nohelia ukatoka kwenye nafasi iliyobaki ukiwa na mkwaruzo tu. Bonde lililobaki kwenye alumini lilikuwa kubwa kama sahani ya supu. Nyumbani Arcesio alichukua nyundo alinyooshe.

"Liache," Nohelia alimwambia. "Pale ndipo ulipokuwa mguu wangu."

Lakini alichokipenda zaidi katika safari zile si milima wala makanisa. Nyumbani Arcesio ni mtu wa ndiyo, hapana, na chumvi iko wapi. Siku nzima hutengeneza mashine za kumenya kahawa mashambani, na jioni hula akiwa kimya kama mashine iliyozimwa. Ila mweke barabarani, mkewe mgongoni kwake ameegemea lile sanduku la nyuma, naye hufungua kioo cha helmeti na kuanza kuongea. Huongea akipiga kelele kushinda upepo. Njiani kwenda Pasto ndipo alipomweleza habari za kaka yake aliyechukuliwa na mto, jambo ambalo katika miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kulitaja. Njiani kwenda Cusco alimwambia kwamba anampenda, na kwa kuwa hakuwa na hakika kama amesikia, alirudia. Nohelia alikuwa amesikia mara ya kwanza.

Mwaka huu, Februari, mambo yakaanza kuharibika kimyakimya. Arcesio akawa anaegesha pikipiki chini ya ngazi za kanisa tu, ili apande kutoka kwenye ngazi. Kisha akawa anakwenda mashambani kwa magari ya jipi ya abiria, akisema petroli imepanda. Nohelia hakuelewa mpaka asubuhi moja, akiwa dirishani na pini mdomoni, alipomwona mumewe mtaani. Aliinua mguu wa kulia kuupitisha juu ya kiti, buti likagonga kiti likarudi. Akajaribu tena. Mara ya tatu aliushika mguu kwa mkono, pale kwenye paja, akauinua kama mtu anayeinua gunia, na nyonga ikakataa. Akatazama mtaa wote, juu na chini, kuona nani amemwona. Halafu akatoa kitambaa mfukoni akaanza kulifuta vumbi sanduku, kana kwamba tangu mwanzo hilo ndilo lililomtoa ndani.

Nohelia alirudi nyuma ya pazia haraka asije akaonekana. Alilia kidogo, kwa tabu, kwa sababu ya zile pini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Arcesio Giraldo. Yeye angeificha hata homa mbele ya daktari. Akangoja aambiwe. Hakuambiwa. Alichoambiwa, mwezi wa Julai, mezani, ni hiki:

"Nimepata mnunuzi wa pikipiki. Daktari wa meno wa Manizales. Anakuja Jumamosi."

Nohelia aliweka kijiko chini. "Na safari yetu ya jangwani, Septemba?"

"Barabara ni mbovu. Halafu nawe umechoka, mke wangu."

"Mimi? Nani kakwambia nimechoka?"

"Umri, Nohelia. Umri."

Akaomba chumvi. Nohelia alimpa chumvi, na usiku alikaa juu ya sanduku la kushoto bila sketi yoyote mkononi, akijaribu kufikiria miaka iliyobaki ya ndiyo, hapana, na chumvi iko wapi. Iliyokuwa ikiuzwa haikuwa pikipiki tu. Yalikuwa yanauzwa maneno yote aliyokuwa bado hajaambiwa.

Jumamosi daktari wa meno alifika kwa gari, mtu mpole, viatu vyake vinang'aa. Pikipiki ilikuwa tayari mtaani kwenye stendi yake, masanduku yote matatu mahali pake, na Arcesio amevaa shati la misa. Pale kona Libardo na wenzake wawili walikuwa wamegeuza viti vyao ili waone vizuri. Daktari alizunguka, akainama, akagusa lile bonde.

"Hili lilipatikana wapi?"

"Mocoa," alisema Nohelia mlangoni.

"Ni zuri sana. Pikipiki bila masanduku nisingeitaka." Akatazama mtaa ule wa Salamina ulivyosimama kama ukuta, akatazama viatu vyake. "Don Arcesio, mteremko huu unanitisha. Hebu nizungushie wewe kidogo, niisikie ikitembea."

Arcesio alishika usukani. Akakitazama kiti. Nohelia aliona masikio yake yanakuwa mekundu kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Vipi, Arcesio?" Libardo aliita. "Friji zimekuwa nzito?"

Nohelia alitoa funguo shingoni. Akafungua sanduku la kushoto kwenye vyuma vyake, kama alivyolifungua kila jioni miaka kumi na minne, akaliweka chini barabarani, mlalo, sambamba na pikipiki, bonde likatazama juu. Akalipiga kwa kiganja mara moja.

"Panda."

"Nohelia," Arcesio alinong'ona, "watu wanatazama."

"Na mimi nilitazamwa na duka zima, tena bila viatu. Panda, mzee wangu."

"Leo hapa, sawa. Tukiwa njiani je? Huko jangwani nani ataniletea ngazi?"

"Ngazi si ndiyo hii? Tunaibeba wenyewe tangu lini?"

Alilitazama sanduku, halafu akamtazama mkewe, na hapo akajua kwamba mkewe anajua. Akaweka mguu wa kushoto juu ya alumini. Akajiinua. Alumini haikusema neno. Mguu wa kulia, kutoka kimo kile, ulipita juu ya kiti polepole, ukasita kidogo, ukavuka. Arcesio akaketi. Akashika usukani kwa mikono miwili, haraka, kama vile mtu angeweza kumnyang'anya.

Nohelia aliinama, akalinyanyua sanduku, akalirudisha kwenye vyuma vyake, kufuli zikalia mara mbili. Kisha akaupitisha mkono kwenye bega la mumewe, akakanyaga kikanyagio, akapanda nyuma.

"Jamani!" Libardo alipiga paja. "Arcesio siku hizi anapakiwa kama gunia la kahawa!"

Mtaa ukacheka. Mmoja wa wale wenzake alipaliwa na kahawa. Nohelia alihisi mgongo wa mumewe unakakamaa, akaogopa kwamba sasa atashuka, na kwamba akishuka leo ndiyo basi. Arcesio alivaa helmeti. Akaiwasha injini. Akainua kioo, akageuka.

"Mimi ninaye wa kunipakia, Libardo. Wewe unaye?"

Libardo, ambaye hakuwahi kuoa, alitazama ndani ya kikombe chake.

"Daktari," alisema Nohelia, "maji ya sukari guru yako jikoni, yameshachemka, na arepa za mahindi ziko chini ya kitambaa. Karibu ndani, usione haya. Tunarudi sasa hivi."

Walikuwa wazunguke mtaa mmoja tu. Kwenye kona ya chini, pale pa kugeuka kurudi nyumbani, Arcesio hakugeuka. Walipita soko, wakapita makaburi, wakaanza kushuka kati ya migomba na kahawa, na Nohelia akaegemea sanduku la nyuma akingoja.

"Ulijua tangu lini?" sauti ilitoka mbele, ikipigana na upepo.

"Februari! Nilikuwa dirishani!"

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie!"

"Sasa pale nyumbani ningeanzia wapi?"

"Basi anza hapa!"

Akaanza. Alimweleza kuhusu nyonga, na daktari aliyemwendea kwa siri mjini Pereira, na picha za mifupa alizozificha kwenye boksi la vipuri. Alimweleza jinsi alivyoogopa siku moja ashindwe kupanda mbali na nyumbani, mbele ya mkewe, naye amwonee huruma. Alimweleza aibu ya ngazi za kanisa. Alimweleza kwamba usiku wa Alhamisi alimwona amekaa juu ya sanduku, naye akalala macho mpaka jogoo, akitafuta neno. Nohelia alikuwa amejibana mgongoni kwake, sikio karibu na helmeti, hakukosa hata moja. Huko nyuma daktari wa meno, mtu mpole yule, alikuwa ameshamaliza arepa zote.

Walipoingia mji wa La Merced, Nohelia aliona meza za kahawa kivulini akamgonga begani, kwa sababu kiu ilikuwa imemshika. Arcesio alitikisa kichwa, akapita moja kwa moja. Alikuwa hajamaliza.