Springi ya Swichi Kwenye Akika ya Mwanangu

Jamani, chekeni tu, maana hata mke wangu akitaka kuninyamazisha hunitajia akika ya mtoto wetu wa kwanza, na mimi hunywea palepale.

Ilikuwa Mchinga, ukweni, na siku ile nilitaka jambo moja tu: mama mkwe anione mtu wa maana (maneno yake yote kwangu hupitia kwa mke wangu, si mnajua heshima ya ukwe). Sasa swichi ya feni pale ukumbini ilikuwa inalia chri-chri, ukiibonyeza inawaka, ukitoa kidole inazima, na mimi nikisikia sauti kama ile mikono inaniwasha, lazima nijue ndani kuna nini.

"Baba Salma, iache, fundi atakuja kesho," mke wangu akasema.

"Mara moja tu."

Nikazima meni swichi (wazimu wangu haujafika huko), nikafungua, na kweli, springi ya ndani ilikuwa imechoka, haina nguvu hata ya kusukuma kile kipande cha shaba. Nikawaza, swichi ya stoo, kule koridoni, haitumiki sana, nihamishe springi yake. Nikaifungua nayo, nikasogeza uso nione imekaaje, nikaigusa kidogo na ncha ya bisibisi, tiii! ikaruka, sijui upande gani, na koridoni wanawake walikuwa wanapitisha masinia ya pilau.

Wageni wakajaa, joto hilo, feni imenuna, nami na kanzu yangu nyeupe natambaa katikati yao, "Shikamoo mzee, samahani, nyanyua mguu kidogo," mashemeji wanacheka bila kujificha.

Pilau likaletwa. Shehe akatia tonge mdomoni, akasita, akatoa kitu, akakitazama.

"Hii iliki ya wapi?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaruka kwa furaha: "Alhamdulillahi, ndiyo yenyewe!"

Wote wakajua nani kachafua chakula. Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto.

Mama mkwe akatokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza akasema mbele yangu mwenyewe, bila kumtuma mtu: "Shehe, mtoto tumeshamwombea dua. Tumwombee na baba yake."

Shehe akainua mikono, na ukumbi mzima ukaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko walivyoitikia dua ya mtoto. Tangu hapo, swichi ikilia ukweni, naikalia mikono yangu.