Kichwa cha Obambla na Sufuria ya Mukimo

Obambla ana harufu inayomtangulia mlangoni. Jirani yangu hapa Nairobi alirudi jana kutoka kwao Kendu Bay, akabisha hodi, akanikabidhi furushi la gazeti lililolowa mafuta, akasema anajua mimi ni mtu wa Kisumu na lazima nimekumbuka chakula cha nyumbani. Nikashukuru kwa meno yote. Kisha nikafunga mlango, nikasimama jikoni nikilitazama lile furushi jinsi mtu anavyotazama panya aliyekufia chini ya kitanda.

Kama humjui, obambla ni samaki aliyepasuliwa, akafunguliwa kama kitabu, akaanikwa juani mpaka nusu yake ikauke na nusu iliyobaki ifanye inavyotaka. Wenyewe wanamlilia wakiwa mbali. Mimi nimezaliwa Kisumu, nimesomea Kisumu, hata meno yangu ya utotoni yaling'okea Kisumu, lakini tumbo langu halijawahi kuhamia huko.

Wazazi wangu walitoka Nyeri, na kwao zamani zile samaki hakuwa chakula. Shosho, bibi yangu wa huko, alimhesabu katika ukoo wa nyoka na hakuona haja ya kujadili zaidi. Sasa tazama mambo ya Mungu: Mama alipopata kibanda sokoni, cha kuuzia viazi na maharagwe, kibanda kilichopakana na chake kilikuwa cha Mama Achieng, muuza samaki wa kukaushwa. Miezi ya mwanzo Mama alijifunga leso puani akisingizia mafua. Mama Achieng akamwonea huruma, akawa anamletea ndimu.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kisha Mama akalazwa hospitalini kwa homa ya matumbo, na Mama Achieng akauza vibanda vyote viwili, viazi na samaki, akanilaza kwake mimi mpaka Mama akapona. Baada ya hapo, alipotualika tufunge mwaka kwa mama yake, karibu na Kendu Bay, hapakuwa na mlango wa kukataa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Baba, kisha yeye mwenyewe akakumbuka kwamba ana kazi nyingi.

Ilikuwa miaka ya themanini, na meli bado zilizunguka ufuo wa ziwa zikipakia na kushusha watu. Wenzangu darasani walioenda Mombasa walirudi na hadithi za ngome na makaburi ya kale. Mimi nilipata sitaha iliyonuka dizeli, kuku waliofungwa miguu na kujiharia, na mtoto wa mtu aliyetapika machungwa juu ya kiatu changu cha Krismasi. Karibu na gati tukapita katikati ya wingu la sam, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakaniingia masikioni na kinywani. Nilimtafuna mmoja. Nakumbuka ladha yake hadi leo na sitaki kuieleza.

Mama alikuwa amebeba gunia la viazi na mahindi na njegere, maana hakwenda kwa watu mikono mitupu. Kabla hatujashuka alinivuta kando, akaniambia kwa Kikuyu, polepole, kwamba tutapewa samaki. Kwamba Mama Achieng ndiye aliyenilisha, yeye Mama alipokuwa amelazwa. Kwamba nikimwaibisha mbele ya mama yake mzazi, yeye Mama atakosa uso wa kurudi nao sokoni. Nilimwuliza kama yeye atakula. Akajitwisha gunia, akatangulia kushuka.

Bibi mwenye nyumba, mama yake Mama Achieng, tulimwita Dani, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa mwembamba, mwenye kiko kilichozimika na macho yaliyocheka kabla ya mdomo. Kiswahili alikisikia kidogo tu, kwa hiyo Mama Achieng alitafsiri. Mchana ule ukaletwa ugali, na nyuma yake bakuli la obambla aliyepikwa kwa maziwa yaliyoganda. Mchuzi ulikuwa wa kijivu. Ulikuwa na ngozi juu. Katikati yake kichwa kizima kilielekea kwetu na jicho jeupe, kavu, na Dani akakinyanyua kwa mikono yake miwili akamwekea Mama.

"Mama Nyambura, hii kichwa haipewangi mtu hivi hivi," Mama Achieng akasema, akimwita Mama kwa jina langu. "Amekupatia kama mtoto yake."

Mimi nilitia tonge moja mdomoni. Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Lakini ule mchuzi ulikuwa vuguvugu na utelezi, mfupa mdogo ukanigusa ulimi, mate yakajaa, na kila kitu kikarudi juu ya mkeka, mbele ya Dani, pamoja na chai ya asubuhi.

Mama alipangusa mkeka, akavuta sahani yangu, akala kipande changu. Kisha akarudi kwenye kichwa. Alikifungua, akafyonza mifupa, akatoa jicho kwa kidole kama alivyoona wengine wakifanya, akalitia mdomoni, akalamba na kidole. Nilimtazama kwa chuki ya kweli. Samaki alinitia kinyaa, lakini Mama siku ile alinitia kinyaa zaidi, kwa vile alivyotabasamu akitafuna. Niliona amenisaliti mimi, Shosho na Nyeri nzima. Dani alipiga makofi na kutangaza kwamba kila Desemba kichwa ni cha Mama, asiguse mtu mwingine.

Jioni Mama akalipa wema kwa wema. Aliponda mukimo katika sufuria kubwa, viazi na mahindi na njegere na majani ya maboga, ukawa kijani kibichi, na mimi nikahisi nimeokoka. Dani alipakuliwa mlima. Aliumaliza kwa vidole, polepole, macho ameyafumba kwa utamu, akaomba nyongeza. Mama aling'aa kwa furaha. Hapo nikajua Dani ni mtu mwenye akili.

Kesho yake akatupeleka Simbi. Ndiyo ngome yetu hiyo, ndiyo mambo yetu ya kale: ziwa dogo la duara, kando ya ziwa kubwa, maji yake kijani yaliyokolea, povu chafu ufuoni, na harufu ya mayai viza inayokukaba koo. Dani alituambia zamani palikuwa kijiji. Walikuwa kwenye sherehe, wakanywa na kucheza, akaja mama mzee mwenye njaa, wakamfukuza. Mke mmoja tu ndiye aliyempa chakula, naye akaambiwa aondoke upesi na watu wake. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama na ngoma zake. Niliyatazama yale maji, nikaiona kabisa nyumba ya Dani chini humo, na Mama, na mkeka wenye matapishi yangu.

Nikamwomba Mama Achieng amwulize: na mtu akipewa chakula akakitema, naye anazama?

Dani akasema kitu kifupi, na Mama Achieng akacheka kabla ya kutafsiri.

"Anasema mtoto anaweza kutema. Mtu mzima anameza."

Nilidhani anamsifu Mama.

Tulirudi Desemba nyingi. Mimi niliruhusiwa mayai, wala sikuonewa. Mama alikula kichwa chake, Dani akala mukimo wake, na mwaka ambao mvua iliharibu njegere Mama alihangaika soko zima, Dani asije akakosa. Ikafika miaka ya tisini, gugumaji likafunika ziwa na kuoza kwenye magati, meli zikapungua, na tulipoenda kumzika Dani tulienda kwa basi.

Tulikuwa nyuma ya jikoni, baada ya mazishi, Mama Achieng akaanza kucheka huku analia. Akasema sasa mwenyewe ameenda, hataona aibu. Kila mwaka, tukishaondoka, Dani alikuwa anaingia nyuma ya nyumba, anasukutua kinywa kwa maji ya chumvi, analalamika kwamba wageni wake ni watu wazuri lakini wanamlisha chakula kilichokwisha kutafunwa na mtu mwingine, tena kijani kama Simbi.

Mama alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kisha akaketi chini, palepale kwenye majivu, akacheka mpaka leso ikadondoka kichwani. Akasema kila mwaka, njia nzima, alikuwa anamwomba Mungu mama wa watu asahau lile jicho. Walishikana wale wanawake wawili, wakacheka vibaya, watu wa matanga wakatugeukia.

Chakula kilipoletwa, Mama Achieng alimsogezea sahani ya kuku. Mama akaisukuma. Aliomba kichwa. Alikula chote, hakutabasamu hata kidogo, na machozi yalimtoka akitafuna. Jicho akalimaliza mwisho. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Leo madirisha yote yako wazi na obambla yuko jikoni, anachemka. Jioni jirani atakuja kuniuliza alikuwaje, nami nitamwambia alikuwa mtamu. Nimejifunga leso puani. Kitu kimoja tu kinanisumbua. Krismasi nilimpelekea jirani huyu sahani ya mukimo, na ilirudi imelambwa, inang'aa, na salamu kwamba mwaka ujao nimpelekee mwingi zaidi.