Nyumba Isiyo na Mlango

Kazi yangu ni kunoa mapanga na majembe, shamba kwa shamba. Msimu ule nilifika kwa Mama Mashoto siku tatu baada ya kisulisuli. Upepo ulikuwa umepita kwenye mahindi kama mtu aliyeburuta gogo: huku yamelala chini, huku yamesimama wima, hata aibu hayana. Nyumba yake ilibaki kuta tupu. Majirani walikwishakimbilia kwa ndugu zao. Yeye hakuwa na wa kumkimbilia. Watoto hakujaliwa, na mumewe alishatangulia mbele ya haki.

Nilimkuta na karani anayeandikisha walioezuliwa nyumba, wapate kupewa mabati.

"Hili ni gofu," karani alisema. "Halina hata mlango."

"Mlango niliutoa mwenyewe, mwanangu. Niliuanikia mahindi."

Ndivyo wafanyavyo huko wakati wa mavuno. Mlango hutolewa kwenye bawaba, ukalazwa uani juu ya matofali, mahindi yakaukie hapo. Upepo ulibeba vyote, meza na chakula chake.

"Analala nani humu?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na mimi."

Karani alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nahitaji shahidi, mama. Bila shahidi siandiki." Akanigeukia. "Mzee, wewe ni jirani?"

Niliona haya. "Mpita njia tu, baba. Ila panga lake lile pale ukutani nalinoa mwaka wa kumi na moja huu."

"Panga nani hana?"

"Lile huliwezi wewe."

Karani akaingia, akalitungua, akatoka kulijaribu kwenye bua la mahindi. Likateleza, nusura limle kiatu. Mama hutumia mkono wa kushoto, na makali nimeyalaza upande wake. Akampokonya taratibu, akaangusha mabua matatu kama anakata mkate.

"Haya, mmenishinda," karani akasema, akaandika akiwa amesimama. "Mkaaji mmoja. Mabati yanatolewa kwa vichwa, mama. Yatatosha chumba kimoja."

"Hebu soma tena hapo kwenye idadi."

"Mmoja."

Mama Mashoto akazunguka vyumba vyake vitatu polepole, kimoja kimoja, mbingu ikimwangalia kichwani. Sisi tukamngoja nje.

"Basi ezekeni jikoni," akasema alipotoka. "Kitanda nitakihamishia huko."